Tuta la Owor

Ninyi vijana mnaokalia greda siku hizi, nawaandikia nikiwa nimekasirika, na sitaki kungoja hasira ipoe, kwa sababu ikipoa nitaanza kuwasifu, na kwa sasa hamstahili. Siku mliponiaga mlinipa saa ya ukutani na kipaza sauti. Saa inatembea vizuri, asanteni. Kipaza sauti mlininyang'anya kabla sijafika hata mwisho wa mwaka wangu wa kwanza kazini, ati pilau inapoa. Basi leo hakuna pilau. Mtanisikiliza mpaka mwisho.

Shule mimi niliiacha mapema, mjue hivyo. Kiswahili changu si cha darasani. Kwetu Lumino nyumbani tunasema Kisamia. Kiswahili nilikiokota kambini, kwa sababu kambi ya barabara ya mbuga ilikuwa na Mteso, Mjapadhola, Mluo, Mwacholi, na mtu akitaka chumvi ilibidi atafute lugha ya kuombea chumvi. Mkiona sentensi imepinda, pindeni nayo, mtanikuta mbele.

Mambo ya vyeo siandiki. Nilianza tanboi, msaidizi wa dereva, nikamaliza dereva wa greda, na hapo katikati ni karatasi za ofisini ambazo sikuzisoma. Ninachotaka kuwaambia ni habari ya mtu mmoja na kipande kimoja cha barabara.

Mtu huyo aliitwa Owor. Alitoka Osukuru, huko Tororo, kule kwenye vilima wanakochimba mawe ya mbolea. Alikuwa mfupi. Akikaa kwenye kiti cha greda ungedhani mashine inajiendesha na kofia imesahauliwa juu ya usukani. Chai yake aliibeba kwenye chupa ya bia iliyovishwa soksi ili isipoe, na hiyo soksi, sijui, sikuwahi kuiona imefuliwa. Siku niliyoripoti kambini, nimevaa viatu vya kaka yangu, alinitazama kutoka juu.

"Unaitwa nani?"

"Wandera."

"Msamia?"

"Ndiyo, mzee."

"Wasamia wanajua samaki. Hapa hakuna samaki."

"Mzee, sisi wa Lumino tunalima. Samaki ni wa Majanji, kule ziwani."

"Ah! Basi hujui hata samaki. Shika grisi."

Nikashika grisi. Nilishika grisi muda mrefu sana. Nilipaka kila kiungo cha mashine ile, nililala nikinuka grisi, nikirudi nyumbani likizo mama ananipa maji ya kuoga kabla ya kunisalimia. Leva ya kuongozea mashine hakuniachia kugusa. Alisema sikio langu bado bichi. Kwa maana Owor hakuangalia kisu. Ninyi siku hizi mnachungulia chini muda wote kama mtu aliyedondosha funguo. Yeye alitazama mbele, kisu, ule ubamba mpana wa chuma chini ya tumbo la greda, akakisikia kwa matako. Nasema alivyosema mwenyewe, msinune. "Wandera, kiti itakwambia. Ikitetemeka hivi, umekula mwamba. Ikilala kimya, umekula udongo mzuri, unaharibu barabara ya serikali."

Na kitu kingine alichonifundisha ni hiki, na hiki ndicho kinaniuma zaidi. Siku moja alizima mashine, akanishusha, akanionyesha barabara nyekundu iliyonyooka katikati ya nyasi.

"Hii ni ya nani?"

"Ya magari ya watalii."

"Hapana. Ni ya maji. Gari inapita mara moja inakwenda. Maji ndiyo iko na nguvu. Ukikosa kuichimbia mtaro, itapita hapa juu katikati, na mimi na wewe tutarudi hapa kila mvua kama wajinga. Chimba mtaro kwanza. Hii ya juu ni ya kumfurahisha bwana mkubwa."

Mitaro kwanza. Kumbukeni hilo neno, nitalirudia.

Sasa nifike kwenye kifo chake, maana nikizunguka sana nitashindwa kukisema. Ilikuwa wakati wa mvua. Greda ilizama gurudumu la nyuma pembeni. Owor akasema, "Wewe kaa juu, mimi naangalia." Nilikuwa kijana, mwepesi kuliko yeye, ilipasa nishuke mimi. Lakini alikuwa hataki mtu mwingine aguse magurudumu yake. Akashuka na panga la kukatia matawi ya kuweka chini ya tairi. Nyasi zilikuwa ndefu. Mbogo dume alikuwa amelala humo, peke yake, wale wazee wanaofukuzwa na kundi ambao hawana tena cha kupoteza. Sikusikia kitu. Niliona kofia tu inaruka. Niliwasha injini, nikapiga honi, nikapiga kelele, nikafanya yote ambayo mtu hufanya akiwa amechelewa. Mbogo akaondoka polepole, kama aliyemaliza shughuli. Owor alilala ukingoni mwa barabara, miguu barabarani, kichwa upande wa mtaro. Hakusema neno la mwisho. Watu wananiuliza alisema nini. Hakusema kitu.

Tulimpeleka Osukuru tukamzika kwao. Mke wake aliniuliza kama aliteseka, nikamwambia hapana.

Mvua ikaisha. Barabara ikabidi ipigwe kisu, na dereva hakuwepo mwingine ila mimi. Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza kukalia kile kiti peke yangu. Mnaweza kufikiri nilifurahi. Nilikwenda vizuri tu mpaka pale alipoanguka. Udongo bado ulikuwa na rangi ya damu yake, mvua haikuitoa yote. Na kazi ya kisu mnaijua: kinakwangua, kinakusanya, kinasukuma pembeni kama takataka. Nikaona nitamkusanya Owor nimsukume mtaroni pamoja na mavi ya tembo. Mkono ukainua leva wenyewe. Kisu kikapanda, greda ikapita juu, nikakishusha upande wa pili. Mtaro nao sikuuchimba hapo. Nikauacha ukatike, nikayatolea maji njia mbili ndogo za kando, moja kabla na moja baada, ili yazunguke.

Mara ya pili nikafanya hivyo hivyo. Mara ya tatu. Ukikwangua huku na huku na katikati ukaacha, mnajua kinachotokea. Palisimama tuta. Magari yakaanza kuruka. Mkubwa wa wakati ule akaniita akauliza kwa nini nyuma yangu kuna kigongo. Nikamweleza. Akasema, "Basi lisizidi." Huyo alikuwa mtu. Madereva waliokuja baada yangu niliwafundisha: hapo kisu kinainuliwa. Hakuna aliyeuliza mara mbili. Na mahali pakapata jina bila kikao. Kwenye redio ya gari ungesikia, "Uko wapi?" "Niko Owor." "Tembo wameonekana wapi?" "Mbele ya Owor kidogo." Watu ambao hawakumjua, hata waliozaliwa baada yake, walikuwa wanasema jina lake kila siku.

Mwanangu Egesa, huyu anayefanya biashara pale Busia mpakani, alipopata mtoto wa kiume niliomba aitwe Owor. Ugomvi ulikuwepo! Wazee wa ukoo walisema hilo ni jina la Kijapadhola, tena ni la mtoto aliyezaliwa usiku, na huyu amezaliwa mchana kweupe watu wakipalilia mihogo. Nikasema iwe usiku iwe mchana, ndilo jina. Wakanuna, wakala kuku, wakakubali.

Mtoto amekua, shuleni wanamtania. "Owor, kwenu ni Tororo, unatafuta nini kwa Wasamia?" Akaja kwangu analia. Nikamwambia, "Wewe una tuta mbugani. Hao wanaokucheka wana tuta?" Machozi yakakauka hapo hapo. Tangu hapo akawa ananiuliza, Kuka, tutakwenda lini? Kuka ndivyo mtoto wa Kisamia anavyomwita babu yake. Akawatangazia darasa zima kwamba anakwenda kuliona tuta lake. Mwalimu naye akaambiwa. Kwa hiyo msidhani nilikwenda kule kutembea. Nilikwenda kulipa neno langu.

Likizo ya juzi Egesa akaazima gari la rafiki yake, lenye viti vyeupe, mtu gani ananunua viti vyeupe. Tukaenda: Egesa kwenye usukani, mimi kando yake, nyuma Owor na dada yake mdogo Nekesa, ambaye bado hajaanza shule na anazungumza kuliko sisi wote.

Hasira ilianzia getini. Geti lile nimelipitia maisha yangu yote ya kazi. Kijana akaniuliza kama ni mara yangu ya kwanza kuja mbugani. Nikamwambia barabara aliyosimama juu yake niliipiga kisu kabla mama yake hajaolewa. Akasema, "Karibu sana mzee, hakuna kutupa maganda." Wakatupa askari wa kutusindikiza, msichana mwenye bunduki, mpole, sina neno naye. Halafu pale ndani wameweka simba wa plastiki. Simba wa plastiki mbugani! Watu wanapanga foleni kupiga naye picha, na simba wa kweli yuko huko nyuma amelala bure. Nekesa akamkumbatia shingoni, akakataa kutoka.

"Kuka, huyu haumi?"

"Hana hata tumbo la kuwekea nyama. Twende."

"Basi huyu ndiye mzuri."

Tukaingia barabarani. Na hapa sasa nisikilizeni. Barabara ilikuwa laini. Laini kama shuka. Egesa anafurahi, "Baba, hii kazi imefanywa!" Mimi natazama pembeni. Mitaro haijaguswa. Nyasi zimejaa humo, udongo wa zamani umelala humo, hakuna aliyeingiza hata jembe. Wamekuja na mashine kubwa ya kampuni, wamekwangua juu, wamenyunyiza udongo mpya, wamepiga picha, wakaondoka. Nikamwambia Egesa, "Hii ni barabara ya picha. Ngoja mvua." Akasema, "Baba, leo pumzika." Pumzika! Mtu akipaka rangi nyumba isiyo na paa utapumzika humo?

Tulipopita ule mti mkubwa wenye matunda kama magunia madogo yanayoning'inia, nikajua tumekaribia. Nikageuka nyuma.

"Owor, jiandae. Shika kiti. Nekesa, shika kaka yako. Linakuja!"

Watoto wakashika. Owor akafumba macho. Egesa akapunguza mwendo, maana yeye nilimleta hapo akiwa mdogo, analijua. Tukangoja. Gari likateleza. Likateleza tena. Tukafika kwenye mteremko wa mtoni, ambao uko mbele kabisa.

"Kuka," akasema Nekesa, "tushike mpaka wapi?"

Nikamwambia Egesa ageuze. Tukarudi polepole, nimetoa kichwa dirishani, askari ananiambia, "Mzee, ingiza kichwa, mnyama iko." Hakuna tuta. Wamelikwangua. Nikamwuliza askari, "Binti yangu, mahali panaitwa Owor ni wapi?" Akafikiri kwa heshima. Akasema hajawahi kusikia. Siku hizi, akasema, kila kipande cha barabara kina namba, na huwa wanasema namba kwenye redio. Hata ile ya pale tulipo akanitajia. Sitaiandika. Haitaingia kwenye kumbukumbu zangu.

Mimi labda ni mtu pekee katika nchi hii aliyewahi kulia kwa sababu barabara ni nzuri. Lakini kulia ni baadaye. Kwanza nilitukana. Nilitukana Kisamia, nikaingia Kijapadhola, alichonifundisha Owor mwenyewe, nikamaliza kwa Kiswahili cha kambini ambacho Egesa alijifanya hasikii. Niliitukana kampuni, injinia, na yule aliyekaa kitini siku hiyo. Maana kampuni haiijui mbuga. Lazima mmoja wenu alipanda nao kuwaonyesha njia. Mmoja wenu ambaye nilimfundisha kwa mdomo wangu, hapo kisu kinainuliwa, alikaa kimya kisu kikapita. Siulizi jina. Jina lake nitaligundua tu siku atakayoshindwa kuniangalia.

Kisha Owor akasema kwa sauti ndogo kutoka nyuma, "Kuka, ulitudanganya?"

Egesa akafoka, "Owor!"

"Mwache," nikasema. Kwa sababu angeulizaje? Ameletwa safari nzima kuonyeshwa kitu, na kitu hakipo. Anarudi shuleni kusema nini? Na mimi nilikuwa nimekaa pale sina hata pa kunyooshea kidole. Hilo ndilo lililonivunja. Toka mti ule mpaka mteremko ni mbali, nyasi ni zile zile, na siku zote za maisha yangu nilijua pale kwa matako, kama nilivyofundishwa. Tuta lilikuwa linaniambia. Tuta likiondoka, mimi mwenyewe, niliyemwona akianguka, sijui alianguka wapi.

Injini bado inanguruma, Nekesa akasema, "Mkojo."

"Vumilia," akasema baba yake.

"Umeshafika."

Askari akatikisa kichwa. "Hapana shuka hapa, haina ruhusa. Mpaka kule mbele kuna choo."

"Binti yangu," nikamwambia, "viti ni vyeupe na gari ni la watu."

Akavitazama viti. Ni mwanamke, akaelewa. Akatusogeza mbele kidogo mpaka penye nyasi fupi, akashuka yeye kwanza na bunduki yake, akatazama huku na huku muda mrefu, akasema haraka haraka, hapa hapa karibu na tairi. Nikamshusha mtoto. Lakini Nekesa ana heshima zake, hawezi kukojoa mbele ya baba yake na askari. Akachomoka.

"Kasichana! Rudi! Usivuke mtaro!"

Lakini alikuwa ameshavuka. Amechuchumaa upande wa pili, ametugeuzia mgongo, anaimba. Na mtaro ule ni mrefu kwenda chini, mimi mwenyewe nisingeuruka siku hizi.

"Umepitaje hapo?" nikamwuliza.

"Kuna daraja, Kuka."

Nikaangalia. Mtaro ulikuwa unakuja kutoka juu, mzito, umejaa nyasi, halafu unakatika. Kipande cha ardhi kinapita katikati, kimeshika majani ya zamani yenye mizizi, hakijawahi kuguswa na chuma. Baada yake mtaro unaanza tena. Na kando yake, kimoja kabla na kimoja baada, ile mifereji yangu miwili midogo ya kuyazungusha maji.

Hawakuchimba mitaro. Mnanielewa? Uvivu wao ndio ulimwacha. Wangefanya kazi kama Owor alivyotaka, wangeanza na mtaro, wangemwondoa hata hapo. Nikasimama na hasira yangu yote sijui niishike wapi.

"Owor," nikasema, "shuka."

"Mzee!" akasema askari. Nikamwambia kwa maneno machache ni mahali gani. Hakusema tena kuhusu ruhusa. Akageukia nyasi, akashika bunduki vizuri, akatupa mgongo wake.

Mtoto akaja. Nikamwonyesha miguu ilikuwa wapi na kichwa wapi. Akaniuliza kama mbogo alitoka upande ule au ule. Nikamwambia ule. Akauliza kama huyo mzee alilia. Nikamwambia mimi ndiye nilikuwa nalia. Akakanyaga kile kipande, akaruka juu yake, chini, juu tena, anapima.

"Si tuta."

"Si tuta. Ni mzizi wake. Tuta lilikuwa hapa juu, ulipo ukingo wa barabara. Wamelikata."

"Litaota tena?"

Askari akasema twende. Nekesa akarudi kwa daraja lake akifunga suruali. Owor aliingia garini wa mwisho. Nyumbani alikwenda shule siku ya kufungua akawaambia darasa kwamba tuta lake linaota. Mwalimu akanitumia salamu akiuliza ni mmea gani.

Kwa hiyo wanangu, hasira yangu mmeiona, na sitaiondoa kwa saa ya ukutani. Mvua hizi zitakapoisha mtaitwa. Najua mtaitwa, kwa sababu maji yamekosa njia na yatapita juu, barabara ya picha itakuwa matope, na kampuni haitarudi. Anzeni na mitaro, mchimbe kutoka mti wenye matunda ya magunia kushuka. Mtafika mahali mtaro unakatika kwa nyasi za zamani, mifereji miwili kando. Hapo msichimbe. Na ukiwa juu ya kiti, hapo hapo, inua kisu. Si mbali. Kiinue urefu wa mtu mmoja aliyelala, ukishushe. Owor hakuwa mrefu.